Je, katuni mpya za mashujaa zimezipita filamu zao?

Mkereketwa wa Pasua (Moshi)

Habari zenu, wanajukwaa. Sisi ni kundi dogo la marafiki hapa Moshi tunaoazimana vitabu vya katuni na kutazama pamoja filamu za mashujaa, na kuna jambo moja ambalo limetugawa kiasi kwamba nimeona ni vyema nilifikishe kwenu. Je, katuni zilizoanza kutoka mwaka 2024 hazijazipita filamu katika kumfanya shujaa awe mtu wa kuaminika?

Mimi nasema zimezipita. Batman alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1939, na kwa miongo mingi tumezoea kumjua kama mrithi wa utajiri mkubwa, mwenye jumba la kifahari, mtumishi mwaminifu, na pango lililojaa mitambo. Filamu zake, hata zile nzuri sana, zimebadilisha vazi, gari na mwigizaji, lakini huanza naye akiwa tajiri yuleyule. Oktoba 2024 mwandishi Scott Snyder na mchoraji Nick Dragotta walianzisha mfululizo wa Absolute Batman, na jambo la kwanza walilofanya ni kumwondolea shujaa huyo mali yote. Bruce Wayne wao (ndilo jina halisi la Batman) ni mhandisi, mtoto wa mwalimu aliyeuawa kwa risasi siku alipowapeleka wanafunzi wake kwenye bustani ya wanyama, na mama yake bado yu hai. Wale tuliowazoea kama maadui zake, akina Oswald Cobblepot, Waylon Jones na Harvey Dent, hapa ni marafiki aliokua nao tangu utotoni. Msomaji anayezijua hadithi za zamani anausoma urafiki huo akiwa na hofu, kwa sababu anafahamu kila mmoja wao aliishia wapi katika ulimwengu ule mwingine. Hakuna pigano la angani lililowahi kunitia wasiwasi kama vijana hao wanapoketi pamoja wakitaniana.

Miezi michache kabla ya hapo, Januari 2024, Jonathan Hickman na Marco Checchetto walikuwa wameanza Ultimate Spider-Man, ambamo Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, si mwanafunzi tena. Ni mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mume wa Mary Jane na baba wa watoto wawili, na ndipo anapopata nguvu zake. Tena hazipati kwa bahati, bali analetewa buibui na kuachiwa achague mwenyewe. Ami yake Ben, ambaye kwa miaka zaidi ya 60 tumekuwa tukimzika, hapa anaishi na anafanya kazi katika gazeti. Swali linalomkabili Peter wa kitabu hiki ni zito kuliko la kijana wa shule: mtu mwenye mke na watoto wanaomsubiri nyumbani ana haki gani ya kuhatarisha maisha yake kila usiku?

Sasa linganisheni na Captain America: Brave New World ya Februari 2025. Ili uielewe vizuri unatakiwa uwe umetazama The Incredible Hulk ya mwaka 2008, Eternals ya mwaka 2021, na juu yake tamthilia ya vipindi sita ya The Falcon and the Winter Soldier. Sam Wilson, ambaye sasa ndiye Captain America, ana swali zito mno, la mtu mweusi anayebeba ngao ya Marekani, lakini filamu inalipitia haraka kwa sababu inatumia muda mwingi kufunga hesabu za filamu nyingine.

Naomba maoni yenu, hasa ya wale wasiokubaliana nami. Na je, mtu anayeanza leo mngemshauri aanze na kitabu gani?

Dada wa Njiro (Arusha)

Kaka wa Pasua, nakusalimu. Umechagua filamu dhaifu kuliko zote za mwaka ule, kisha ukaipambanisha na vitabu bora viwili. Kwa haki ya mjadala, ilipaswa uichukue Superman ya James Gunn, iliyotoka Julai 2025.

Filamu hiyo haikuturudisha kwenye kulipuka kwa sayari ya Krypton wala kwenye utoto wa shambani tulioutazama mara nyingi. Inaanza shujaa akiwa ameshindwa pigano kwa mara ya kwanza, amelala kwenye theluji hoi, na mbwa anayemtunza, Krypto, ndiye anayemburuta hadi mahali pa kutibiwa. Kosa analodaiwa kulifanya ni kuizuia nchi ya Boravia isiivamie jirani yake Jarhanpur, bila kuomba idhini ya serikali yoyote. Halafu kuna yale mahojiano marefu ndani ya nyumba, ambapo Lois Lane anamwuliza maswali kama mwandishi wa habari na si kama mpenzi wake, naye anakasirika kwa sababu majibu yake ni ya mtu mwema ambaye hajawahi kufikiria matokeo. Kwangu mimi sehemu hiyo, isiyo na ngumi hata moja, ndiyo iliyoibeba filamu nzima.

Na kama hoja yako ni kubadilisha hali ya shujaa, angalia kilichofanywa kuhusu wazazi wake. Ujumbe walioacha wazazi waliomzaa, ambao amekuwa akiusikiliza kama faraja, unapofichuliwa wote na adui yake Lex Luthor unaonekana kumwagiza aje kuitawala dunia. Kuanzia hapo lazima achague yeye ni nani, na anayemsaidia kuchagua ni baba aliyemlea kule Kansas, mtu wa kawaida mwenye maneno machache. Hilo ni badiliko kubwa, na limefanywa bila kumnyang'anya shujaa chochote cha asili yake.

The Fantastic Four: First Steps, iliyotoka baadaye mwezi huohuo, nayo haimdai mtazamaji filamu yoyote ya nyuma, kwa kuwa inatokea katika dunia yake yenyewe, iliyopewa namba 828 kwa heshima ya siku ya kuzaliwa ya mchoraji Jack Kirby, tarehe 28 Agosti. Galactus, jitu la angani linalokula sayari, anataka mtoto wa Reed na Sue, wanandoa walio katika kundi hilo la mashujaa wanne, na kwa malipo hayo ataiacha dunia. Wazazi wanakataa, kisha wanalazimika kuwatazama usoni watu wanaotaka mtoto atolewe. Nilitoka ukumbini nikiwa bado nabishana na nafsi yangu kuhusu haki ya wale watu waliokasirika, maana hofu yao ilikuwa ya kweli.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa vitabu hawapendi kulisema. Mabadiliko ya katuni hayadumu. Superman aliuawa mwaka 1992, watu wakapanga foleni kununua toleo lile, na mwaka uliofuata akarudi. Bruce Wayne aliyekua bila mali ni wa Absolute Batman. Katika mfululizo mwingine unaotoka mwezi huohuo bado yupo Batman yule wa zamani.

Mchoraji wa Kaloleni (Arusha)

Nakubaliana na mwanzisha mada, ila kwa sababu nyingine. Mnazungumza kuhusu hadithi peke yake kana kwamba michoro ni pambo, wakati katuni ni sanaa ya ukurasa.

Mtazamaji wa filamu anakwenda kwa mwendo wa mwongozaji. Msomaji wa katuni anakwenda kwa mwendo wake, lakini mchoraji mahiri anamshika mkono bila yeye kujua. Dragotta hujaza ukurasa visanduku vidogo vidogo vilivyobanana, jicho linaruka kutoka kimoja kwenda kingine kwa haraka, kisha unafunua na kukutana na mwili mmoja mkubwa wa Batman uliotanda kurasa mbili. Nguvu ya picha ile inatokana na msongamano uliotangulia. Tazameni pia nembo ya popo kifuani, ambayo anaweza kuichomoa na kuitumia kama shoka: mtu asiye na fedha za mitambo amelifanya vazi lenyewe kuwa chombo cha kazi, na jambo hilo limeelezwa kwa mchoro kabla halijaelezwa kwa maneno.

Ila ninayemvulia kofia kuliko wote ni Hayden Sherman katika Absolute Wonder Woman, iliyoandikwa na Kelly Thompson na kuanza Oktoba 2024. Diana (ndiye Wonder Woman) wa kitabu hiki hakulelewa na mashujaa wenzake wa kike kisiwani, bali kuzimu, na mlezi wake ni mchawi Circe. Mwandishi mwingine angempa mtoto wa namna hiyo moyo mgumu. Thompson amempa huruma inayowashangaza hata mashetani. Sherman naye anazipanga kurasa kana kwamba kila tukio linadai umbo lake, safari hii visanduku vinazunguka, safari nyingine vinashuka ukurasa mzima. Mimi huchukua penseli na kunakili mpangilio tu, bila watu ndani yake, ili nione mifupa ya ukurasa. Filamu haiwezi kukupa jambo hilo, kwa sababu kioo chake kina umbo moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Ushauri kwa wanaosoma kwa njia ya mtandao: msizisome kurasa mbili zilizoungana kwenye simu ndogo. Tumieni kishkwambi au kompyuta, la sivyo mtaona vipande na hamtaona mchoro.

Mzee wa Majengo (Moshi)

Wanangu, nimewasoma wote kwa makini, na nimefurahi kuona vijana wanaojadili kwa hoja. Mimi nililelewa na jarida la katuni la Sani. Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Kipepe, Pimbi na Madenge hawakuwa na nguvu za ajabu. Walikuwa watu wa mjini wenye madeni, njaa, tamaa na maneno mengi. Kwa hiyo mnaponieleza kwamba Marekani sasa wameandika shujaa asiye na mali na mwingine mwenye watoto wa kulea, ninawaelewa mara moja kwa nini wamewagusa. Msomaji wa Kitanzania amezoea tangu zamani kwamba mtu wa kwenye katuni lazima naye aishi.

Lakini swali la kijana wa Pasua lina upande ambao hakuna aliyeugusa. Filamu hizi zinafika hadi kibanda umiza, yaani vile vibanda vya video vya mtaani, na zikifika kule zinapata mtafsiri anayezungumza Kiswahili juu yake. Mimi nilimsikiliza Lufufu akitafsiri filamu za kigeni, akiwapa watu majina, akieleza wanachowaza, na mtu ambaye hakuwahi kusoma Kiingereza alicheka na kulia mahali panapostahili. Vitabu mnavyovisifu viko kwa Kiingereza, na toleo moja linauzwa kwa takriban dola 5 kabla ya kusafirishwa. Kitabu kinaweza kuwa bora mara kumi, ila kama hakimfikii yule dereva wa bodaboda anayeipenda sana Spider-Man, basi kwake filamu ndiyo iliyoshinda, na ana haki ya kusema hivyo.

Msomaji wa Usa River

Nina mawili tu ya kuongeza. Katika Superman hiyohiyo, shujaa Mister Terrific ameigizwa na Edi Gathegi, aliyezaliwa Nairobi. Mwaka 2011 aliwekwa katika X-Men: First Class na mhusika wake akauawa mapema, jambo lililotuudhi wengi, hasa kwa kuwa nguvu ya mhusika yule ilikuwa ni kuuzoesha mwili wake kila hatari. Safari hii amepewa mtu mwenye akili kuliko karibu wote walio ndani ya filamu, na lile pigano lake la ufukweni, akiwa na Lois nyuma yake, limetosha kumlipa deni lile.

Kwa anayeanza, ningemshauri Supergirl: Woman of Tomorrow ya Tom King na mchoraji wa Kibrazili Bilquis Evely. Ina matoleo manane, ilikamilika mwaka 2022, haidai usome kitu kingine kabla yake, na ndiyo iliyotumika kutengeneza filamu ya Supergirl. Inafaa kwa mjadala wenu, maana mtalinganisha hadithi moja katika sura zake zote mbili.

Mkereketwa wa Pasua (Moshi)

Shikamoo mzee wa Majengo, na asanteni nyote.

Dada wa Njiro, yale mahojiano ya Lois na Superman nayakubali kwa moyo wote. Ni maandishi bora kabisa. Ila kuhusu kutodumu kwa mabadiliko bado nakupinga. Kifo cha mwaka 1992 kilitokea katika ulimwengu ambao lazima uendelee mwezi baada ya mwezi, kwa hiyo ilikuwa rahisi kutarajia kwamba shujaa atarudishwa. Absolute Batman na Ultimate Spider-Man zimepewa kila moja ulimwengu wake, na katika Ultimate Spider-Man mwezi ukipita kwetu unapita pia kwa Peter. Katika ulimwengu wa namna hiyo mwandishi anaweza kumwua mtu na akabaki amekufa, na ndiyo maana mimi huwaogopea wale marafiki wa Bruce.

Hoja ya mzee sina jibu lake kamili, nayo imenigusa zaidi ya zote. Kwenye kundi letu wapo wawili ambao Kiingereza kinawapa shida, na mpaka sasa tumekuwa tukiwasimulia kwa kifupi baada ya sisi kumaliza kusoma, jambo ambalo linawanyima ule mwendo wa ukurasa alioueleza mchoraji. Tumekubaliana kuichukua Supergirl aliyoipendekeza msomaji wa Usa River, tuisome pamoja kwa sauti, mmoja akitafsiri kisanduku baada ya kisanduku huku wote tukitazama michoro, na filamu yake tuitazame baada ya hapo. Mchoraji wa Kaloleni, kama unaweza kufika Moshi Jumamosi moja utueleze mpangilio wa kurasa za Evely, tutakushukuru sana; nauli yako tutaichangia.