Maganda ya 9.3x62: nigeuze ya .30-06 niliyonayo au ninunue yenyewe?

Mwana wa Pangani
Wakuu, salaam. Nimepata bunduki ya 9.3x62 (aina ya risasi: kipenyo milimita 9.3, ganda milimita 62). Risasi zake ni adimu hapa nilipo, na zikipatikana bei inauma. Presi ya kujazia risasi upya ninayo, na nina ndoo ya maganda matupu ya .30-06, aina nyingine ya risasi. Nimesoma kwamba ganda la .30-06 likitanuliwa shingo linakuwa la 9.3. Wengine wanasema ninunue maganda yenye mhuri wake wa 9.3x62 kitakoni. Lipi bora? Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijaagiza.

FundiShaba
Mkuu, yote tunayohitaji umeyaacha. Bunduki gani? Unawinda nini? Unapiga risasi ngapi kwa mwaka? Na hayo maganda ni yako tangu mapya, au ya kuokota? Hilo la mwisho ndilo kubwa.

Mama Kulwa
Naongeza: uko nchi gani? Kama uko Tanzania au Kenya, mada iishie hapa. Huko kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, hata ziwe za kupiga mwenyewe. Kama uko Marekani, kujaza risasi za matumizi yako hakudai leseni ya serikali kuu. Ukizifanya biashara, inadai. Na kama uko kwa viza ya muda, angalia sheria kwanza kama unaruhusiwa hata kushika bunduki. Wengi wa viza hizo hawaruhusiwi mpaka wawe na kibali cha kuwinda au msamaha mwingine wa kisheria.

Mwana wa Pangani
Samahani wakuu. Niko Texas, kusini ya San Antonio, na nina kadi ya kijani. Bunduki ni CZ 550, nimeinunua mtumba. Nawinda nguruwe pori kwenye shamba la mwajiri wangu, wanamharibia mahindi vibaya. Risasi labda 60 kwa mwaka pamoja na mazoezi. Maganda yako 140: nusu nimeyapiga mwenyewe mara moja moja, nusu nimeokota uwanja wa shabaha.

Mkongwe wa Selous
Hongera kijana, hiyo ni bunduki yenye historia kwetu. Risasi ya 9.3x62 aliibuni Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, mwaka 1905, akiwalenga walowezi wa Kijerumani Afrika, na Tanganyika yetu ilikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Siri yake ilikuwa bei: ilikaa kwenye Mauser 98 ya kawaida, wakati bunduki kubwa za Waingereza za mitutu miwili zilikuwa za matajiri. Kichwa chake cha kawaida kina gramu 18.5. Nguruwe wako hatauliza swali.

Kuhusu maganda, nunua yake. Norma wanatengeneza, Lapua wanatengeneza, Prvi Partizan wa Serbia wanatengeneza kwa bei ya chini. Kwa nini kuivisha nguo ya kuazima?

Seremala wa Ohio
Kwa heshima yako mzee, mimi nageuza ya .30-06 mwaka wa 6 sasa na bunduki yangu inapiga vizuri tu. Ganda la Lapua linapita dola moja, la .30-06 limejaa chini pale uwanjani. Ukifanya kwa uangalifu hakuna shida. Watu wanatisha wenzao bure.

FundiShaba
"Kwa uangalifu" ndiyo habari yenyewe, Seremala, na hujaieleza. Mwana wa Pangani, tofauti ziko tatu. Kitako cha .30-06 ni chembamba kidogo kuliko cha 9.3, kwa hiyo ganda linakaa limelegea kwenye chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) na likipigwa mara ya kwanza linavimba juu ya kitako, mara nyingi upande mmoja. Urefu ni tofauti: .30-06 ina milimita 63.3, yako inataka 62. Hayo mawili yanavumilika.

La tatu ni bega, pale mwili wa ganda unapopungua kuingia shingoni. Bega la 9.3 liko mbele kuliko la .30-06, tena ni dogo. Ukitanua shingo tu, bega linabaki nyuma na halifiki kwenye ukuta wa chemba. Pini ikigonga fataki ya kitakoni inayowasha baruti, ganda linasukumwa mbele, kisha shinikizo linakirudisha kitako nyuma huku mwili umeng'ang'ania ukuta. Shaba inavutika palepale juu ya kitako. Nje huoni kitu.

Juma wa Minnesota
Hapo FundiShaba umenigusa, acha nisimulie yaliyonipata, maana nilikuwa kama Seremala.

Niligeuza maganda 80, karibu yote ya kuokota. Mihuri mchanganyiko, mengine ya jeshi, sijui nani aliyapiga mara ngapi. Mara ya kwanza sawa, mara ya pili sawa. Nikawa nasema wazee waoga. Mara ya tatu, niko uwanjani na mwanangu wa miaka 15 amekaa nyuma yangu, nikafyatua na mlio haukuwa ule. Moshi ukanijia usoni. Kuvuta bolti (komeo la bunduki) ni kazi. Nilipoifungua kikatoka kitako peke yake, kipande kifupi kama kifuniko cha chupa ya soda. Mwili mzima wa ganda umebaki ndani ya mtutu.

Miwani ya usalama ndiyo iliyoniokoa macho. Shavu liliwasha siku mbili. Nilichowaza usiku ule siyo bunduki, ni mtoto: dakika 10 kabla nilikuwa nimempa yeye apige, na yeye alivua miwani kwa sababu ya joto, nikamwachia.

Nyumbani nilichukua waya wa kubania karatasi, nikakunja ncha yake, nikaukwaruza ndani ya maganda yaliyobaki, kutoka kitakoni kwenda juu. Katika maganda 79 niliusikia ukikwama kwenye mfereji ndani ya maganda 31. Yote niliyaponda kwa nyundo. Mwana wa Pangani, hizo nusu za kuokota usizitumie. Nakuomba kama ndugu.

Mama Kulwa
Pole sana Juma. Ahsante kwa kusema wazi.

Seremala wa Ohio
Pole kaka. Lakini hapo kosa ni maganda ya kuokota na bega, siyo kugeuza. Mimi nalitengenezea ganda bega jipya kwa dai (kalibu ya chuma inayofungwa kwenye presi) kabla ya kulijaza, mpaka bolti ifunge kwa kusukuma kidogo. Nikilipiga mara ya kwanza linachukua umbo la chemba yangu, na baada ya hapo silirudishi nyuma. Shingo nailainisha kwa moto, kitako kikiwa kwenye maji kisilainike.

FundiShaba
Sasa umesema. Ungeanza na hilo.

Msafiri wa Mombasa
Kuna jambo hamjaligusa. Kama ana ndoto ya kwenda kuwinda nyumbani, maganda ya kugeuza ni balaa. Mimi nilisimamishwa mpakani kwa muda wa saa 4 kwa sababu kibali kilisema 9.3x62 na mhuri wa kitakoni ukasema .30-06. Afisa alikuwa na haki, yeye anasoma kilichoandikwa. Mashirika mengi ya ndege yanakuruhusu kilo 5 za risasi. Hakikisha kila moja inaeleza ilivyo.

Mkongwe wa Selous
Ndicho nilichosema tangu mwanzo.

Neema_Boise
Mimi nauliza la pembeni. Mnaita "fataki" kile kidude cha kitakoni? Kwetu fataki ni zile za sikukuu.

Mkongwe wa Selous
Binti, fataki ndilo jina lake tangu enzi za magobori. Babu yangu alikuwa anazihifadhi kwenye kopo la tumbaku zisipate unyevu. Za sikukuu zimekuja baadaye kuchukua jina.

Msafiri wa Mombasa
Sisi Mombasa za sikukuu ni baruti.

Seremala wa Ohio
Na baruti tutaiita nini sasa?

FundiShaba
Tusipotee. Mwana wa Pangani, kwa risasi 60 kwa mwaka maganda 50 ya Prvi yatakufaa miaka mingi. Hesabu dai ya ziada, moto na muda wa kugeuza uone kama kweli unaokoa. Kipimo cha baruti chukua kwenye kitabu cha kiwanda, usichukue kwa mtu wa mtandaoni, hata mimi.

Mwana wa Pangani
Ahsanteni wote. Juma, nimejaribu ule waya jana usiku. Katika maganda 70 ya kuokota umekwama kwenye 12, na nimeyatupa yote 70. Yale yangu 70 bado nayaangalia, roho haitaki kuyaacha. Nikiagiza ya Prvi nitaagiza 50 tu. Swali jingine: vichwa vya risasi nyeusi (yale madini ya risasi) au vya shaba tupu? Nyama tunakula na watoto.

Mama Kulwa
Shaba tupu, bila kufikiri mara mbili. Risasi nyeusi ikipiga mfupa inatawanyika kwenye nyama vipande usivyoviona. California wameikataza kwa uwindaji wote tangu Julai 2019.

Mkongwe wa Selous
Tumekula nyama ya risasi nyeusi miaka 60 na tuko hai.

Juma wa Minnesota
Mzee, na mimi ningesema hivyo hivyo kuhusu maganda mara ya pili.

Seremala wa Ohio
Shaba tupu ni ndefu kwa uzito uleule, inakula nafasi ya baruti. Kabla hujaagiza, pima kwanza urefu wa magazini ya CZ yako. Una kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita?