Dawa za sonona zimenitoa imani kwamba maisha hayafai, sasa hii ni akili yangu au ni dawa?

mkazi_kihonda: Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo yenu. Mwaka jana nilikuwa pabaya, silali, chakula hakipandi, na kichwani nina hoja zimenyooka kabisa kwamba kuishi ni kupoteza muda, wote tutakufa, wanangu watakua tu hata nisipokuwepo. Wala sikuwa nalia, nilikuwa naamini. Dada akanipeleka hospitali nikaanzishiwa fluoxetine, dawa ya sonona. Mwanzoni niliambulia kichefuchefu tu, baadae usingizi ukarudi, siku moja jirani anakaanga vitunguu nikasikia njaa ya kweli, na zile hoja nikizitafuta naona hazinishiki tena. Na hakuna mtu aliyezijibu! Sasa kidonge kimebadilishaje ninachoamini? Mimi halisi ni yupi? Halafu shemeji ananiambia niache, eti nisiwe mtumwa wa dawa.

nesi_wa_zamu: Pole mkuu, na hongera kwa kufika hapo. Nipo kitengo cha afya ya akili. Kwanza usiache bila kuongea na daktari wako, fluoxetine inakawia kutoka mwilini kwa hiyo mtu anaacha anajiona mzima, baadae ugonjwa unarudi. Kawaida tunashauri uendelee angalau miezi 6 hadi 9 baada ya kupata nafuu. Kuhusu swali lako, kuona maisha hayafai ni dalili ya sonona sawasawa na kukosa usingizi, mbona huulizi kama usingizi uliorudi ni wako au wa dawa? Kidonge hakiwajui wanao, hakiwezi kukufundisha kuwapenda. Miaka ya 1950 kule New York wagonjwa wa TB walipewa iproniazid, wakachangamka hata kabla kifua hakijapona vizuri, ndo ikawa moja ya dawa za kwanza za sonona. Hakuna aliyewahubiria.

mama_duka: Nesi nakubali ila sio yote. Mimi nipo kwenye amitriptyline, nayo ni dawa ya sonona, mdomo unakauka balaa lakini nalala. Kwenye yale mawazo yangu kuna mengine yalikuwa kweli, deni la kausha damu lilikuwepo na dawa haikulilipa, ilichonipa ni nguvu ya kuinuka kwenda kukaa na mkopeshaji tukapanga upya. Kwa hiyo kaka usizitupe zile hoja zote kwa pamoja, zipitie moja moja sasa hivi ukiwa umelala na umekula. Kwamba wote tutakufa ni kweli. Kwamba wanao hawakuhitaji, hilo kawaulize wenyewe.

mkazi_kihonda: Dada hapo kwenye watoto umenigusa sana. Siachi dawa, kliniki ijayo naenda na shemeji amsikie daktari mwenyewe.

kaka_mkubwa: Samahanini naingilia, mdogo wangu ana miaka 19 kaanza dawa juzi, anahangaika hatulii na anasema heri asingezaliwa. Tusubiri izoee?

nesi_wa_zamu: Hapana, msisubiri. Mrudisheni hospitali leo leo hata kama ni usiku, asiachwe peke yake na dawa atunze mtu mwingine. Kwa walio chini ya miaka 25 wiki za mwanzo zinahitaji uangalizi wa karibu, Marekani 2004 waliweka onyo kwamba dawa hizi zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watoto, na 2007 wakalipandisha mpaka miaka 24. Na muulize wazi kabisa kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumpi wazo hilo. Ukishafika nae tuambie.