MJADALA: Bunduki mlangoni mwa nyumba ya ibada, kinga au shabaha?

Mzee wa Kisauni:
Wadau, tangu makanisa mawili ya Garissa yashambuliwe tarehe 1 Julai 2012, makanisa mengi ya Kenya huomba askari wenye bunduki kila Jumapili, na sasa wapo wanaotaka misikiti ifanye vivyo hivyo siku ya Ijumaa. Napinga. Kanisa la AIC (Africa Inland Church) Garissa lilikuwa na askari wawili siku ile. Waliuawa, bunduki zao zikachukuliwa, na waumini wakashambuliwa kwa maguruneti na risasi. Fedha tunazotenga kwa ajili ya askari ziende kwenye milango, na kwa vijana wanaozijua sura za mtaa. Baada ya shambulio lile viongozi wa Kiislamu walitangaza kuwa vijana wao watasaidia kulinda makanisa ya Garissa, wala hawakuwa na bunduki.

Chuma Doria:
Mzee, hoja yako inaonyesha askari walipangwa vibaya, haionyeshi kwamba bunduki haifai. Askari wawili wakisimama bega kwa bega kwenye ngazi, mtu mmoja anawamaliza kwa pamoja. Mmoja akae getini anakoona barabara pande zote mbili, wa pili awe ndani ya ua nyuma ya nguzo ya zege. Waonane, lakini mtu asiweze kuwapata wote akiwa mahali pamoja. Wapokezane kila nusu saa, maana jicho huchoka. Mwenye bunduki asipekue mikoba hata siku moja, kwa sababu mikono yake itakuwa na kazi nyingine pale anapoihitaji. Na hao vijana wako bila silaha watafanya nini mbele ya AK-47?

Mzee wa Kisauni:
Watapuliza filimbi na kufunga geti. Watu 300 wakipata nusu dakika ya kutoka kwa mlango wa nyuma, si haba.

Fundi Grili:
Mlango wa nyuma upi huo, mzee? Nyumba zetu nyingi za ibada zimejengwa kumzuia mwizi wa spika. Grili za madirisha zimechomelewa moja kwa moja, mlango wa pembeni una mnyororo na kufuli, na ufunguo anao mtu mmoja ambaye leo amesafiri. Guruneti likitupwa, wote wanakimbilia mlango mmoja wa mita moja. Kama unafungukia ndani, umati wenyewe ndio unaoufunga: wa mbele hawezi kuuvuta kwa sababu wa nyuma wanamsukuma.

Kazi yenyewe si kubwa. Toboeni milango miwili zaidi kwenye kuta tofauti, upana wa mita 1.2 au zaidi, ifungukie nje, isiwe na kizingiti cha kukwaza miguu. Komeo liwe la kusukuma kwa ndani, bila ufunguo, na upande wa nje kusiwe na kishikio. Kila ukuta, kateni grili moja muitie bawaba na komeo ambalo mtoto wa miaka 10 analifikia. Lizungushieni bamba la chuma ili mwizi asipenyeze mkono kutoka nje. Huku pwani chumvi inakula vyuma, kwa hiyo tieni grisi kila mwezi na mfungue kwa kweli, msitazame tu. Kisha kuna viti vya plastiki. Krismasi na Pasaka ukumbi ukifurika, mashemasi hujaza viti kwenye ujia, na kazi yote ya fundi inakuwa bure.

Chuma Doria:
Milango mitatu ni mitatu ya kulinda.

Fundi Grili:
Mlango usio na kishikio nje unahitaji mtu mmoja ameketi kando yake kwa ndani. Bawabu yupo tayari, anagawa tu vitabu vya nyimbo mahali pasipostahili.

Bin Shee:
Kwa misikiti, anayesema haifai mtu kubaki amesimama wenzake wakisujudu asome Surat An-Nisaa aya ya 102: kundi moja linaswali, jingine linalinda, kisha wanapokezana. Zamu si bidaa, si uzushi katika dini.

Ninachokihofia zaidi ni foleni. Mjini Arusha, Mei 2013, pale Olasiti, bomu lilirushwa kwa watu waliokusanyika nje ya kanisa siku ya kulizindua. Sasa pigeni hesabu. Mpekuzi mwenye kigunduzi cha chuma cha kushika mkononi anatumia sekunde 12 kwa mtu, yaani watu watano kwa dakika. Watu 300 ni saa nzima. Wengi wetu huja robo saa ya mwisho, basi umati wa nje mmeutengeneza wenyewe. Fungueni geti saa moja kabla, wekeni wapekuzi watatu, wanawake wapekuliwe na wanawake, wasio na mkoba wawe na njia yao. Foleni ijipange ndani ya ua, mbali na barabara na magari. Na mkianza kuchagua wa kupekuliwa kwa kanzu na buibui, mtampoteza jirani ambaye angewaambia kuna mgeni anayepiga picha geti tangu Jumatano.

Mwana wa Beni:
Huku Kongo upekuzi wa getini pekee haungetusaidia. Tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka ndani ya kanisa katoliki la Beni asubuhi na mapema, kabla ya misa ya kipaimara cha watoto. Wanawake wawili walijeruhiwa. Saa moja baadaye lingewakuta watoto. Kasindi, Januari 2023, bomu lililipuka katikati ya ibada ya ubatizo na kuua watu zaidi ya 10. Kwa hiyo watu wawili wanaoujua ukumbi waukague kabla geti halijafunguliwa: chini ya mabenchi, nyuma ya spika, vyungu vya maua, choo. Ukishakaguliwa usiachwe peke yake hata dakika moja. Mzigo usio na mwenyewe usiguswe. Ondoeni watu, simu ipigwe mkiwa mbali. Na msiwakusanye kwenye maegesho ya magari, bomu la pili linaweza kuwa huko.

Mzee wa Kisauni:
Basi Chuma Doria nampa askari mmoja, nyuma ya nguzo. Wa pili simtaki mpaka minyororo ya milango ya pembeni ikatwe.

Chuma Doria:
Mmoja bila wa kumtazama mgongo atauawa kama wale wa Garissa, mzee. Wawili, au tusiombe kabisa.