Barabara ya mtaa inafumuliwa yote: wakaazi wapewe habari vipi?

mjumbe_ngambo
Assalaam aleikum wenzangu. Barabara yetu huku Ng'ambo, mjini Unguja, inafumuliwa: mitaro mipya pande mbili, mabomba ya maji yanahamishwa, kisha lami. Ni kiasi cha mita 900, na kazi itakwenda kwa vipande. Kamati ya shehia imepewa kazi ya kuwafikishia watu habari, lakini mkandarasi ametukabidhi jedwali la kurasa sita, tarakimu tupu. Kuna maduka, skuli, misikiti miwili, na daladala zinapita. Tuanzie wapi?

fundi_mitaro
Waaleikum salaam. Anzeni na hilo hilo jedwali. Mtaona "0+350 hadi 0+480, kushoto". Hizo ni mita zinazohesabiwa tangu mradi unapoanzia, na mkaazi hazimwambii kitu. Tembeeni na mhandisi barabara nzima, kila mita 50 muandike kilichopo hapo: duka la dawa, msikiti, mwembe, kituo cha daladala. Tangazo lisomeke "kuanzia duka la dawa mpaka lango la skuli, upande wa msikiti". Na hiyo "kushoto" ulizeni ni kushoto kwa anayetokea wapi, maana hapo ndipo nyumba za upande usiohusika zinapopewa barua. Ikiandikwa 08:00, nyinyi andikeni saa 2 asubuhi.

Kila kipande kitangazwe mara tatu. Wiki mbili kabla, ili mwenye duka aingize mzigo na mwenye harusi ajue gari halitofika mlangoni. Siku mbili kabla, nyumba kwa nyumba. Kisha asubuhi yenyewe. Msitoe siku moja kama mnaapa. Semeni "kati ya tarehe 10 na 14", na ikisogea watu waambiwe kabla ya tarehe 10, si baada. Kazi ikiangukia masika, Machi mpaka Mei, semeni mapema kuwa lami haimwagwi juu ya tabaka lililolowa.

Malalamiko makali hayatokani na vumbi. Yanatokana na shimo lililo wazi bila mfanyakazi hata mmoja. Mara nyingi sababu ipo: zege la mtaro linakomaa (siku 7 za mwanzo ndizo za kuliwekea maji, na nguvu kamili hupimwa siku ya 28), au kifusi kilichoshindiliwa kinangoja majibu ya maabara, au bomba linangoja mafundi wa maji. Wekeni kibao pale pale shimoni: nini kinangojwa, na mpaka lini. Kibao cha ofisini kwa sheha hakimsaidii anayeruka mtaro.

bi_mabomba
Kwenye maji mna hesabu yake. Tangazo la kukata lifike saa 48 kabla, liseme yanakatika saa ngapi na yanarudi lini, ili watu wajaze ndoo na matangi. Yakirudi huja na tope. Waambieni wafungue bomba la chini kwanza mpaka yawe meupe ndipo wapandishe tangini. Hili likisahauliwa, tope lote linatuama kwenye tangi na lawama zinakuja kwenu. Umeme ni hivyo hivyo, khaswa kwa wauza samaki na barafu: hao wafuateni wenyewe.

Halafu kuna bomba linalopasuliwa na kijiko, ile mashine ya kuchimbia, bila ya kutarajiwa. Hilo halina saa 48. Muwe na ujumbe ulioandikwa tayari, mnajaza mahali na saa tu, utoke ndani ya nusu saa.

rangi_na_vibao
Vibao vya barabarani: herufi ya sentimita 10 dereva huisoma akiwa kama mita 35 hivi. Akienda kilomita 40 kwa saa ana sekunde tatu tu. Kwa hiyo maneno matano au sita na mshale, basi. Picha ya kiongozi na nembo nne zinakula nafasi ya habari. Matangazo ya karatasi msichapishe kwa printa ya wino wa maji, mvua moja tu yanakuwa michirizi; pigeni ya leza, A3, myatie plastiki.

Kituo kikihamishwa, kibao kikae kwenye kituo cha zamani: "Daladala 505 na 502: mita 150 mbele, mkabala na msikiti." Abiria anakwenda pale alipozoea, hendi kwenye kituo kipya kusoma tangazo.

mjumbe_ngambo
Ahsanteni sana. Na kundi la WhatsApp? Wengine wanataka gari la matangazo.

bi_mabomba
Kundi liwe la wasimamizi kuandika tu, si hivyo tangazo la maji linazama chini ya dua na siasa. Maswali yawe na namba yake, na laini iwe ya mradi. Afisa akihamishwa namba isiondoke naye. Tumeni na sauti pia, ya sekunde 30, kwa wazee wasiosoma maandishi madogo.

Gari la matangazo liende mwendo wa mtu anayetembea, lisimame kila kichochoro, na lisigongane na adhana. Imamu akitangaza baada ya swala ya Ijumaa ni vizuri, lakini wanawake wengi hawapo pale, na ndio wanaopanga maji ya nyumba. Wafuateni kwenye vikundi vyao na madrasa wanakopeleka watoto.

fundi_mitaro
Nyongeza: kabla ya roli la mtetemo (mashine ya kushindilia inayotikisa ardhi) kufika, pigeni picha nyufa za kila nyumba inayopakana, khaswa za mawe na chokaa. Picha iwe na tarehe na rula kando ya ufa, mwenye nyumba atie saini, nakala abaki nayo. Barua mnayompelekea imwambie hilo waziwazi. Malalamiko yote yaingie kwenye daftari moja: namba, tarehe, mahali kwa alama ile ile ya mtaani, nani amepewa, amejibu nini. Mlalamikaji apewe namba yake akaondoke nayo.