Hili duka la miwani mnalijua wote. "Tafadhali jaribu kadi yenye hela"

MachoMawili (mwanzisha uzi)
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Duka silitaji na hakuna haja: ni lile lililo ndani ya supamaketi kubwa, unaacha matikiti maji kushoto na matairi kulia ndipo unakutana na ukuta wa fremu. Binti wa kaunta kachomeka kadi yangu ya HSA, ile akaunti ya akiba ya matibabu isiyokatwa kodi, mashine ikagoma. Akaniangalia kama nimekuja kuomba nauli, kisha kwa sauti ya kondakta anayejaza gari akasema: "Tafadhali jaribu kadi yenye hela."

Kadi yenye hela! Foleni nzima ikageuka. Hata yule mtoto kwenye bango la matangazo nadhani aligeuka.

Kadi ina dola 1,912. Bili ni 473: fremu 149, lenzi za progresivu (za kuona mbali na kusoma karibu kwa pamoja) 210, mpako wa kuzuia mng'ao 75, udhamini wa mikwaruzo 39. Ujumbe ukaingia kwenye simu palepale, umekataa AINA YA BIASHARA, salio halijaguswa. Kila mashine ya kadi husajiliwa kwa namba ya kazi ya duka. Madaktari wa macho ni 8042, wauza miwani ni 8043. Kadi nyingi za HSA zimefungwa zikubali namba za tiba tu. Hawa wakubwa wamechukua mashine ya supamaketi, dada yake ileile inayouza matikiti maji, wakaibandika kwenye kaunta ya miwani. Kadi imeona mtu ananunua tikiti la dola 473. Ingekuwa mimi ndiye kadi ningekataa pia.

Na miwani ya vipimo ni halali kabisa, IRS, watu wa kodi wa Marekani, wameiandika kwenye Chapisho 502 pamoja na kupima macho, lenzi za kuvaa jichoni na maji yake, mpaka upasuaji wa leza. Sasa nani hana hela hapo? Nani?

KobeWaColumbus
"Tafadhali jaribu kadi yenye hela" 😂😂😂 Hii naiweka kwenye saini yangu.

ShangaziDallas
Pole mwanangu. Siku nyingine lipa kwa kadi yako ya kawaida, omba risiti yenye mchanganuo, jioni ingia kwenye akaunti ujirudishie. Risiti iwe na jina la aliyetibiwa, tarehe, nani katoa huduma, kitu gani na bei ya kila kimoja. Kile kikaratasi cha mashine kinachoonyesha jumla tu hakina kazi, na wino wake unafutika kabla mwaka haujaisha, kipige picha. HSA haina siku ya mwisho ya kujirudishia. Gharama iwe tu imetokea baada ya akaunti kufunguliwa, na isiwe imeshalipwa na bima au kuombewa nafuu ya kodi.

MachoMawili
Hayo yote nayajua shangazi, shikamoo. Hoja yangu ni moja: JARIBU KADI YENYE HELA. Mbele ya watu.

KobeWaColumbus
Sasa kama ulijua, si ungetoa kadi nyingine tu? Au na ile nyingine nayo… nimenyamaza.

Mkaguzi_Mstaafu
Mwenye uzi, mashine imekusitiri na wewe unaitukana. Ile 39 ya udhamini wa mikwaruzo si matibabu. Ingepita na zile nyingine ungekuwa umetoa hela isiyostahili: kodi ya mapato juu yake, na kama hujafika miaka 65, adhabu ya 20%, yaani dola 7.80, uijaze kwenye Fomu 8889 huku unalia. Fremu, lenzi na mpako ni sawa, 434. Udhamini lipa kwa hela ya mfukoni au uache, mimi ningeuacha. Na kama una bima ya macho, ipite kwanza, HSA ichukue kilichobaki. Wengi wanakosea hapo, wanalipa bei yote kwa HSA halafu bima inawarudishia nusu.

MachoMawili
Kwa hiyo unamtetea binti.

Mkaguzi_Mstaafu
Natetea dola 7.80.

DesembaTena
Nyie wa HSA mnalia nini jamani? Hela yenu inavuka mwaka, mkihama kazi mnahama nayo. Njooni huku FSA, akaunti ya matibabu iliyo chini ya mwajiri, muone moto. Tarehe 31 Desemba ikifika kilichobaki kinamezwa na mwajiri, labda awe ameruhusu kubeba kiasi kidogo au kuongeza miezi miwili na nusu. Wengine hawaruhusu chochote. Ndiyo maana Desemba unakuta mtu mzima ana miwani mitatu ya vipimo na bado anafinya macho kusoma menyu. Nikiambiwa nina kadi yenye hela mimi nafanya sherehe.

Na asije mtu akachukua FSA ya kawaida huku ana HSA, anapoteza haki ya kuchangia HSA. Iko FSA ya meno na macho peke yake, hiyo ndiyo inakaa nayo nyumba moja.

MamaZawadi
Naombeni kuuliza, mama yangu yuko Tanga macho hayaoni vizuri. Naweza kumtengenezea miwani kwa HSA yangu?

Mkaguzi_Mstaafu
Hapana dada. HSA ni yako, mwenza wako na wategemezi wako wa kodi. Mzazi asiye raia anayeishi nje ya Marekani, Kanada na Mexico hahesabiki kuwa tegemezi. Tanga haimo. Ila wewe mwenyewe ukienda likizo ukapimwa na kutengenezewa miwani Dar, inakubalika, tunza risiti yenye jina lako na uandike pembeni ilikuwa dola ngapi siku ile.

Ukungu_Glasgow
Huku Scotland kupimwa macho ni bure. Nilikuwa napita tu.

KobeWaColumbus
Mnapimwa macho bure ili muone jua gani?

LenziNene
Yote tisa, kumi ni PD, yaani umbali wa mboni hadi mboni. Sheria ya Marekani inamtaka daktari akukabidhi karatasi ya vipimo akimaliza tu kukupima, hujaomba, hujalipa senti ya ziada. Ila umbali huo haumo kwenye sharti hilo, majimbo machache tu ndiyo yanaulazimisha. Kwa hiyo wanaubania ili usiende kununua mtandaoni. HILI ndilo la kufungulia uzi.

MachoMawili
Uzi ni wangu. Fungua wako.

FundiFremu
PD jipime mwenyewe. Simama sentimita 20 kutoka kwenye kioo, rula ya milimita iguse nyusi. Funga jicho la kulia, sifuri ikae katikati ya mboni ya kushoto. Kichwa kisitikisike. Fungua la kulia, funga la kushoto, soma namba iliyo kwenye mboni ya kulia. Rudia mara tatu uchukue ya kati. Watu wazima wengi wanaangukia 54 hadi 74.

Ila kwa progresivu kama za mwenye uzi msithubutu. Zile zinataka kipimo cha kila jicho kuanzia katikati ya pua, na urefu wa mboni ndani ya fremu ileile utakayoivaa. Ukikosea milimita mbili tatu, eneo la kusomea linahama, utakuwa unasoma simu kwa kuinua kidevu kama bata anakunywa maji.

MachoMawili
Na huyo binti hata urefu wa mboni hakupima! Alikuwa na haraka ya kuniambia nijaribu kadi ye

LenziNene
Fundi, rula ikae juu ya pua au juu ya nyusi?

FundiFremu
Nyusi. Puani itapanda upande mmoja.

MamaZawadi
Mimi nimepima napata mbili na nusu.

FundiFremu
Hizo ni inchi dada. Geuza rula.

MamaZawadi
Upande wa pili umefutika.

KobeWaColumbus
Tafadhali jaribu rula yenye namba.