MJADALA: Mzee anayesimulia historia alipwe au asilipwe?

Mwana wa Ruvuma:
Wakuu, salaam. Tangu Rais Steinmeier wa Ujerumani afike Songea Novemba 2023 na kuomba radhi mbele ya ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita ya Maji Maji, naona wenye vinasa sauti wanapishana kwetu. Si vibaya. Ukoo unaamini kichwa cha Nduna kilipelekwa Ujerumani, na bila simulizi za wazee wake nani angejua hata pa kuanzia kukitafuta?

Kinachonikera ni hiki. Mtafiti ana fungu lake, dereva analipwa, mkalimani analipwa, anayewasindikiza kutoka ofisi ya kijiji anapata posho. Mzee mwenyewe, ambaye ndiye kazi yote, anaachiwa soda na kilo mbili za sukari.

Najua mtaniambia habari za 1968, pale wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walipotumwa kwa wazee kukusanya habari za Maji Maji. Kazi ile naiheshimu sana. Bila hiyo tungekuwa tunaisoma vita ya 1905 hadi 1907 kwa maelezo ya maofisa wa Kijerumani tu. Lakini wale walikuwa wajukuu waliokuja kuuliza babu zao, nchi ikiwa changa. Leo simulizi hiyohiyo inampa mtu shahada, kisha kazi, kisha safari za mikutano. Mimi nasema mzee alipwe.

Kwetu Nyeri:
Ndugu, naomba nitofautiane nawe. Huku Kenya tumeona simulizi zikifika mahakamani. Wazee wa Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza London mwaka 2009, na mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Faili za kikoloni zilizokuwa zimefichwa zilisaidia, ila moyo wa kesi ulikuwa maneno ya wazee wenyewe: nilipigwa hivi, nilihasiwa hivi.

Sasa fikiria wakili wa upande wa pili anasimama na kuuliza, "Ulipokuwa unasimulia mara ya kwanza, ulipewa shilingi ngapi?" Umeshamaliza kesi. Kuna kesi nyingine ya watu zaidi ya 40,000 iliyotupwa mwaka 2018, sababu kubwa ikiwa muda uliopita na kumbukumbu kuchakaa. Pesa ikitangulia, mnawapa sababu nyingine ya kutupa.

Sina Makuu:
Kwa bei ya sukari ya sasa, kilo mbili nazo ni malipo jamani 😂

Mama wa Kilwa:
Wanangu, nimezunguka na kinasa sauti kwenye vijiji vya kusini tangu enzi za kaseti. Wote mna haki, ila mnaongelea pesa kama vile ni ya aina moja.

Ukilipa simulizi, utauziwa simulizi. Ukimpa mmoja zaidi kwa sababu babu yake aliuawa, kesho jirani analeta babu aliyeuawa vibaya zaidi. Mzee akishajua unachotaka atakupa hichohicho, wala si uongo wake. Ni adabu tu ya kumridhisha mgeni.

Lipa muda. Mtu ameacha shamba siku nzima, tena msimu wa palizi. Kiasi kiwe kilekile kwa kila mtu, kitangazwe mbele ya mkutano wa kijiji kabla hujawasha mashine, na apewe hata aliyesema "sikumbuki kitu". Huyo wa "sikumbuki" ndiye kipimo. Ukimnyima, wengine wote wataanza kukumbuka.

Na hao kina mama mtawalipa lini? Watafiti wanaanza na wazee wanaume, mashujaa na mikuki. Vita ile iliua watu wengi zaidi kwa njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mazao na maghala. Habari za njaa wanazo wanawake: mizizi gani ilichimbwa, mtoto gani aliachwa kwa ndugu. Wanaitwa mwisho, betri ikiwa imebaki kidogo.

Mwana wa Ruvuma:
Mama, shikamoo. Hilo la "sikumbuki" limenibadilisha. Sawa, tulipe siku, tusilipe habari. Lakini deni jingine liko palepale. Sauti ikisharekodiwa inakwenda wapi? Mzee anafariki, wajukuu wanataka kumsikia, wanaambiwa kanda iko kwenye maktaba ya chuo nje ya nchi. Nataka nakala moja ibaki kwa familia na nyingine iwekwe Makumbusho ya Maji Maji hapa Songea, kila mtu asikilize bure.

Kwetu Nyeri:
Kwa familia, ndiyo. Kila mtu, la. Kwetu simulizi za miaka ya hamsini zina majina: nani alikuwa hom gadi (mlinzi wa kijiji upande wa Waingereza), nani alimtaja nani, shamba la nani liligawiwa yeye akiwa kizuizini. Wajukuu wao leo wamepakana ua kwa ua na watoto wao wako darasa moja. Bibi amesema hayo akijua anaongea na mtu mmoja sebuleni. Mkiyaweka hadharani, atakayekuja kugongewa mlango usiku si mtafiti.

Mama wa Kilwa:
Ndiyo maana mimi huuliza mara mbili: siku ya kurekodi, halafu nikirudi baada ya wiki kadhaa kumsikilizisha sauti yake. Wapo wanaosema futa hapo. Nafuta.

Mwana wa Ruvuma:
Unafuta kabisa, Mama? Hata kama ndilo jina tunalolitafuta?