Fundi wa instrumenti Alberta: vyeti vya nyumbani vinafika wapi?

Kutoka: Mgeni wa Edmonton
Yah: Fundi wa instrumenti, nianzie wapi?

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa rika langu.

Nina stashahada ya umeme kutoka DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar, na kazi yangu Dar ilikuwa kiwanda cha saruji, upande wa instrumenti, yaani vifaa vya kupimia na kudhibiti mitambo: transmita (vifaa vinavyopima na kutuma kipimo) za presha na joto, mizani ya mikanda, valvu za kudhibiti, na PLC (kompyuta ya kuendesha mitambo) kidogo. Mke wangu anasoma shahada ya uzamili hapa Edmonton, mimi nina kibali cha kazi kama mwenzi wake. Kwa sasa napanga mizigo ghalani, zamu ya usiku.

WES, shirika linalotathmini vyeti vya nje, wamenipa tathmini ya stashahada. Nimeiambatisha kwenye maombi ya kazi kila mahali, hakuna hata anayejibu. Mtu mmoja ananiambia nianze upya kama mwanagenzi wa mwaka wa kwanza. Mwingine anasema nifanye mtihani tu, nimalize. Halafu kuna anayedai ipo njia ya uhamiaji ya mafundi isiyohitaji Kiingereza kikubwa. Naombeni mwongozo, nimechoka kukisia.

---

Kutoka: Mzee wa Mill Woods
Jibu: Fundi wa instrumenti, nianzie wapi?

Marahaba mdogo wangu, karibu kwenye baridi.

Tuanze na hiyo karatasi ya WES. Ni nzuri, itunze, lakini ni ya uhamiaji. Inawaambia maofisa kwamba elimu yako inalingana na ngazi fulani ya hapa. Fomeni wa kiwandani hana la kufanya nayo. Yeye anauliza kitu kimoja: una tiketi? Yaani cheti cha fundi aliyefuzu, na juu yake muhuri wa Red Seal, mpango ulioanza 1959 ili cheti cha mkoa mmoja kiheshimiwe na mikoa mingine. Mtihani wake ni wa kuchagua majibu, na unafaulu kwa asilimia 70.

Kwa Alberta uanagenzi wa fani yetu ni miaka minne. Sehemu kubwa unakuwa kazini unalipwa, na kila mwaka unaingia darasani kwa wiki kadhaa, NAIT hapa Edmonton au SAIT kule Calgary. Kwa mtu aliyekwisha kufanya kazi nyumbani kuna mlango wa pili: unaiomba ofisi ya mafunzo ya ufundi ya mkoa ipime uzoefu wako, na ikiridhika unaruhusiwa kukaa mtihani bila kupita miaka yote hiyo. Kwa hiyo wote wawili waliokushauri wako sahihi, kila mmoja na mlango wake.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo vijana wetu wanapokwama. Uzoefu unapimwa kwa ushahidi, na ushahidi ni barua ya mwajiri. Siyo ile barua yetu ya mistari miwili, "ametumika kwa uaminifu na nidhamu, tunamtakia kila la heri". Hiyo haina thamani hapa. Barua inayosaidia inataja tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, na kazi zenyewe kwa majina yake: alikalibreti transmita za presha, mtiririko, usawa na joto; alifunga na kurekebisha posishena (vifaa vinavyoiweka valvu mahali inapotakiwa) za valvu; alifuatilia hitilafu za lupu (mzunguko wa kipimo na udhibiti) kutoka chumba cha udhibiti hadi kwenye kifaa; alisoma michoro ya P&ID (mabomba na vifaa vya mtambo) na ya lupu. Chini yake saini, cheo, na simu ya mtu atakayepokea akipigiwa, anayejua Kiingereza cha kutosha kujibu maswali.

Itafute leo. Viwanda vya kwetu vinauzwa, vinabadilisha jina, na meneja rasilimali watu wa leo kesho yuko kampuni nyingine. Mwandikie fomeni wako wa zamani kwa WhatsApp. Usimwachie ukurasa mtupu. Mtayarishie rasimu ya kweli, aisome, arekebishe, apeleke ofisini ipigwe muhuri. Ongeza taarifa ya michango yako ya NSSF na hati za mshahara, kwani hizo zinathibitisha tarehe hata kama kampuni imekufa. Fomu za kalibresheni za kiwanda usizibebe, ni mali yao.

Kuhusu uhamiaji, huyo aliyekwambia habari ya njia ya mafundi amekupa nusu ya habari. Njia ipo, inaitwa Federal Skilled Trades, na ni kweli inadai lugha ya chini: CLB (ngazi za lugha za Kanada) 5 kuzungumza na kusikiliza, 4 kusoma na kuandika. Lakini haipokei kila fani. Fundi umeme wa viwandani yuko kwenye msimbo 72201 wa orodha ya kazi ya Kanada, na kundi la 72 limo. Sisi wa instrumenti tumewekwa kwenye 22312, pamoja na watu wa teknolojia na maabara, na kundi la 22 halimo. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo. Kwa hiyo ukiwa na uzoefu wa nyumbani peke yake utapitia Federal Skilled Worker, ambayo inataka CLB 7, sawa na 6.0 kwa kila sehemu ya IELTS General. Ukipata mwaka mmoja wa kazi ya fani hapahapa Kanada, inafunguka ile ya Canadian Experience, na kwa daraja letu la ujuzi, TEER 2, kiwango cha chini kinarudi kuwa CLB 5. Ushindani wa pointi ni jambo jingine, jiandae kwa alama za juu kuliko hizo. Na kazi ya ghalani haihesabiki kwenye mwaka huo hata ukiifanya miaka kumi.

Usishawishike kujiandika fundi umeme ili uingie mlango mfupi. Ofisa anasoma majukumu yaliyo ndani ya barua, hasomi cheo tu. Akiona umedanganya, unafungiwa miaka mitano.

---

Kutoka: Dada wa Fort McMurray
Jibu: Fundi wa instrumenti, nianzie wapi?

Habari zenu. Mzee ameongea vizuri lakini kwa uanagenzi naona tofauti kidogo.

Mimi nilitoka kwa mitambo ya mvuke Olkaria, kwa hivyo instrumenti nilikuwa naijua. Hata hivyo niliingia kama mwanagenzi, na sijutii. Sababu ni moja: mtihani unaweza kuupita ukiwa chumbani kwako na vitabu, lakini geti la site haliangalii akili, linaangalia nani anakujua. Mwanagenzi anaajiriwa kwa sababu mshahara wake uko chini na kampuni inamhitaji karibu na fundi. Ukiwa ndani, omba uzoefu wako uhesabiwe, na uliza shuleni kama unaweza kufanyiwa mtihani wa kuruka ngazi. Mtu mwenye tiketi mpya na bila saa hata moja ya Kanada, huyo ndiye nimeona akikaa nyumbani akingoja simu. Mzee atanisamehe.

Kabla hata ya hiyo, chukua H2S Alive, mafunzo ya kujikinga na gesi ya sumu ya H2S. Ni kozi ya siku moja, cheti kinadumu miaka mitatu, na kwa mafuta na gesi ya Alberta bila hicho hufiki mahali. Olkaria tulizoea harufu ya yai viza, tukaifanyia mzaha. Hapa hakuna mzaha: gesi ikifika karibu 100 ppm pua inakufa ganzi, husikii harufu tena, na hapo ndipo wengi hudhani hewa imesafika. Ni nzito kuliko hewa, inalala kwa mashimo na mitaro, mahali ambapo sisi tunachuchumaa kutafuta transmita. Ile mashine ya kupima gesi unayovaa kifuani unaijaribu kwa gesi kabla ya zamu. Kila zamu.

Kuhusu kazi yenyewe, kile ambacho hakuna shule ya Afrika Mashariki itakufundisha ni baridi. Vile vibomba vyembamba vinavyopeleka presha kutoka kwa tangi hadi kwa transmita vina maji au kimiminika ndani, na ikifika nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri vinaganda. Shida si kwamba kipimo kinapotea. Kingepotea tungeshukuru, kengele ingelia. Shida ni kwamba presha inafungiwa ndani ya barafu na transmita inaendelea kutuma namba nzuri tu, mfano asilimia 62, wakati tangi linajaa. Opereta anaona kila kitu sawa. Wewe ukiangalia grafu ya masaa kadhaa unaona mstari umenyooka kabisa, na hakuna tangi linalofanya kazi lenye mstari kama huo. Hapo ndipo unaanza kutafuta: waya wa joto uliozungushwa kwa kibomba una umeme? Breka imeanguka? Kuna mtu alitoa kifuniko cha kuzuia baridi wakati wa kiangazi na hakukirudisha? (Kila vuli. Kila vuli nakikuta chini ya ngazi.)

Na hewa ya instrumenti pia. Kama kikaushio kimechoka, unyevu unaganda ndani ya posishena na valvu inakwama pale ilipo. Nyumbani maji kwa hewa yanaleta kutu polepole. Hapa yanasimamisha mtambo usiku huohuo.

Usiguse chochote kabla ya kuongea na chumba cha udhibiti. Lupu iwekwe kwa mkono kwanza, isijiendeshe yenyewe. Kama transmita hiyo inaingia kwa mfumo wa kuzima mtambo, unahitaji kibali kingine tofauti. Karatasi za hapa ni nyingi mno, saa moja ya kazi inaweza kutanguliwa na mbili za vibali, na hapo ndipo watu wetu wanaonekana wanakimbia. Hakuna anayekusifu kwa haraka.

Zamu nyingi ni siku 14 kambini, 7 nyumbani. Ongea na mkeo kabla ya kutuma maombi.

---

Kutoka: Baba Salma, Sohar
Jibu: Fundi wa instrumenti, nianzie wapi?

Assalaam alaykum jamii.

Miye niko Oman na ya Kanada siyajui, lakini naongeza kuhusu usaili, maana nimekaa upande wa wanaouliza. Huku tunaangalia CompEx kwa maeneo yenye gesi inayoweza kuwaka. Cheti chake kinadumu miaka mitano na si rahisi kwa bei, basi mtu asikilipie kabla ya kujua kama anapokwenda wanakitaka.

Maswali lakini ni yaleyale duniani kote. Nnakwambia moja nnalolipenda: transmita ya tofauti ya presha imefungwa kwenye orifisi (sahani yenye tundu ndani ya bomba), inatoa 12 mA kwenye kipimo cha 4 hadi 20 mA, mtiririko ni asilimia ngapi? Wengi hujibu hamsini bila kuvuta pumzi. Jawabu la mtu aliyeshika kazi huanza na swali: kipeuo cha pili kinatolewa wapi, ndani ya transmita au kwenye mfumo wa udhibiti? Kama transmita imeshafanya hesabu hiyo, basi hamsini. Kama haijafanya, 12 mA ni nusu ya presha, na mtiririko ni asilimia 70.7. Na kama hesabu inafanywa pote pawili, au hapafanywi popote, hapo ndipo penye ugomvi wa opereta na idara ya mahesabu.

Vyengine: Pt100, kipima joto cha platini, kwenye nyuzi 100 inasoma omu ngapi? 138.5. Kikominyuketa cha HART (kifaa cha mkononi cha kuwasiliana na transmita kupitia waya zake) kinakataa kuongea na transmita, utaanza wapi? Angalia kama lupu ina upinzani wa kutosha, omu 250. Kwa nini tunaanza na 4 mA wala si sifuri? Ili waya uliokatika usifanane na tangi tupu. Mtu akijibu haya kwa utulivu, skuli aliyosoma siiulizi tena.

---

Kutoka: Mgeni wa Edmonton
Jibu: Fundi wa instrumenti, nianzie wapi?

Asanteni sana wote. H2S Alive nimejiandikisha. Dada, mke wangu amesoma ujumbe wako na kasema siku 14 anazimudu, ila kikao cha familia kinaendelea.

Mzee, swali moja. Fomeni wangu amehamia Mtwara kwenye gesi, hayupo tena kiwandani. Barua yake itafaa?

---

Kutoka: Mzee wa Mill Woods
Jibu: Fundi wa instrumenti, nianzie wapi?

Tafuta barua mbili. Kiwanda kithibitishe tarehe, cheo na saa, hilo halimshindi karani yeyote. Fomeni aandike zile kazi kwa kirefu, aseme wazi alikuwa msimamizi wako kuanzia mwaka gani hadi gani, sasa yuko wapi, na namba yake. Asijifanye bado yuko kiwandani na asitumie karatasi yenye nembo yao. Kama amebaki na nakala ya barua yake ya uteuzi wa ufomeni, aiambatishe.

Dada wa Fort McMurray, nimekusamehe, na kuhusu saa za Kanada umesema kweli. Kijana, fanya yote mawili: omba nafasi za uanagenzi huku barua zikitafutwa. Rasimu ikiwa tayari nitumie pembeni niipitie, Jumamosi sina zamu.